Manowari Ndogo Mtandaoni: Jinsi ya Kuikagua Kabla ya Kulipa

Ukiandika "USS Houston" kwenye tovuti yoyote ya mauzo ya modeli za meli, matokeo yatakuja yamechanganyika, kwa sababu Jeshi la Majini la Marekani limekuwa na angalau manowari tatu zenye jina hilo. Kruza nzito CA-30 ilizamishwa na Wajapani katika Mlango-bahari wa Sunda usiku wa kuamkia Machi 1, 1942. Jiji la Houston liliguswa kiasi kwamba Mei 30 mwaka huohuo vijana elfu moja waliapishwa hadharani katikati ya mji, waende kuziba mapengo ya mabaharia waliopotea. Kruza nyepesi CL-81, iliyoingia kazini Desemba 1943, ndiyo iliyorithi jina. Halafu kuna nyambizi ya nyuklia SSN-713 ya mwaka 1982. Muuzaji asiyejua, au asiyejali, huweka picha ya moja chini ya historia ya nyingine. Dawa yake ni kuhesabu: CA-30 ina vibanda vitatu vya mizinga mikubwa, viwili mbele na kimoja nyuma. CL-81 ina vinne.

Msomaji aliyetoka pwani yetu na sasa anaishi Plano, Irving au Houston atakuta mtego wa aina hiyohiyo kwenye jina Königsberg. Ile tunayoijua sisi, iliyoizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar Septemba 20, 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji hadi ilipomalizwa na manowari za Waingereza Severn na Mersey Julai 11, 1915, ilikuwa na dohani tatu. Wajerumani walijenga Königsberg nyingine miaka ya 1920, nayo ilizamishwa na ndege za Waingereza huko Bergen, Norway, Aprili 1940. Hiyo ya pili ina dohani mbili na mizinga yake imo ndani ya vibanda vikubwa vitatu. Anayetaka kumwonyesha mwanawe meli ya Rufiji akaletewa meli ya Bergen hajaibiwa kisheria, lakini fedha yake imekwenda kwingine.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama kazi ni nzuri, uliza kama meli ni yenyewe, na ni ya mwaka gani. Mkaazi wa Texas ana bahati hapa, kwani mfano wa kujifunzia upo jimboni. USS Texas iliingia kazini mwaka 1914, ikapigana vita vyote viwili vya dunia, na mwaka 1948 ikawekwa San Jacinto karibu na Houston kama makumbusho. Agosti 2022 ilikokotwa hadi Galveston kutengenezwa, maana bati la chini lilikuwa limeoza. Ilipokuwa mpya ilikuwa na dohani mbili, na milingoti yake ilikuwa ya nyavu za chuma, kama matenga marefu yaliyosimamishwa wima. Baada ya matengenezo makubwa ya 1925 hadi 1927 ikabaki na dohani moja na milingoti ya miguu mitatu. Hiyo ndiyo sura iliyopiga mizinga pwani ya Normandy Juni 6, 1944, na ndiyo inayoonekana leo. Modeli yenye dohani moja na milingoti ya nyavu pamoja ni ya kutiliwa shaka kabla hata hujaangalia plastiki yake.

Ukishajua meli, chukua rula. Kipimo cha modeli huandikwa 1:350, 1:700, 1:1250 na kuendelea, maana yake meli imepunguzwa mara hizo. USS Texas ina urefu wa karibu mita 175. Gawanya: kwenye 1:350 unapata sentimita 50, kwenye 1:700 sentimita 25, kwenye 1:1250 sentimita 14, na kwenye 1:2400, kipimo kinachopendwa na wachezaji wa michezo ya vita vya mezani, sentimita 7 na ushee. Hesabu hii ndogo hufanya kazi mbili. Kwanza inakuzuia kushangaa boksi linapofika na meli ni ndogo kuliko kalamu. Pili inafichua nakala za wizi. Kuna watu hununua modeli halali ya resini, wakaitengenezea kalibu ya mpira na kumimina nakala nyingi za kuuza kwa bei ya kutupa. Katika kunakili, kitu husinyaa kidogo na kingo hupoteza ukali. Mwombe muuzaji picha ya mwili wa meli ukiwa umelazwa kando ya rula. Asiyetaka kuitoa amekujibu tayari.

Kuna modeli za zamani ambazo kipimo chake hakikutokana na hesabu yoyote ya maana. USS Missouri ya Revell, iliyotoka mwaka 1953, ni ya 1:535. Enzi hizo kiwanda kilianza na ukubwa wa boksi, kisha meli ikapunguzwa hadi iingie. Si mbaya kwa pambo la rafu, ila usiipange na nyingine.

Kipimo ndicho kinachokuambia pia udai ubora gani. Pale Fort Jesus, Mombasa, umewekwa mmoja wa mizinga ya Königsberg, na wengi wetu tumeupanda tukiwa watoto wa shule. Tundu la mtutu wake ni sentimita 10.5. Punguza mara 700 unapata milimita 0.15. Hakuna kiwanda cha plastiki kinachoweza kutoboa tundu hilo, na mtutu wenyewe lazima ufanywe mnene kuliko haki yake, la sivyo utakatika kwa kupulizwa. Kumlaumu mtengenezaji wa 1:700 kwa mitutu minene ni kumwonea. Kwenye 1:350 unaruhusiwa kuwa mkali zaidi. Na kwenye 1:2400 jambo la kuangalia ni moja tu: ukiishika mbali na uso wako, umbo lake linaitambulisha meli au halitambulishi?

Sasa tuje kwenye kazi ya kiwanda, na hapa ndipo watu wengi hudanganywa na jambo moja. Picha inayopamba tangazo karibu siku zote ni mchoro wa juu ya boksi, au modeli ya sampuli iliyounganishwa na kupakwa rangi na fundi bingwa kwa wiki kadhaa. Huuziwi hiyo. Unauziwa vipande vya kijivu kwenye fremu, au kipande cha resini kisicho na rangi. Rangi huficha makosa, kwa hiyo omba picha ya bidhaa kabla haijapakwa chochote, mwanga ukitoka ubavuni. Mwanga wa mbele hulainisha kila kitu. Mwanga wa ubavuni hutoa vivuli, na kila kasoro huonekana.

Kasoro zenyewe hutegemea namna kitu kilivyotengenezwa. Plastiki ya kawaida hushindiliwa ikiwa ya moto ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu ikizeeka, pande zake mbili hazibani sawasawa, na plastiki huvuja pembeni kama utando mwembamba unaozunguka nanga, ngazi na mitutu. Utando kidogo hukatwa kwa kisu, lakini ukikuta umeziba matundu na nafasi zote, ujue kalibu imechoka. Pande mbili zikipishana, mlingoti utakuwa na ngazi katikati badala ya kuwa mviringo. Angalia pia vibonyeo kwenye sehemu nene, na duara ndogo zilizoachwa na pini zinazosukuma kipande nje ya kalibu. Duara hizo zikiwa upande wa ndani si hoja. Zikiwa juu ya sitaha, kwenye mistari ya mbao, ni ubunifu mbovu, maana kuzisugua ni kufuta mbao pia.

Tarehe ya kalibu ina uzito kuliko tarehe ya boksi. Mwaka 1971 kampuni za Japani, zikiwemo Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, zilianza kugawana kazi ya kutoa manowari za 1:700 zilizokatwa usawa wa maji, bila tumbo la chini. Baadhi ya kalibu za miaka hiyo bado zinatoa bidhaa, ndani ya maboksi mapya yenye michoro ya kuvutia, zikiuzwa rafu moja na modeli zilizochongwa upya kwa kompyuta. Bei inaweza kukaribiana, ubora haukaribiani hata kidogo. Hifadhidata ya Scalemates huonyesha ukoo wa kila modeli: lini ilitoka mara ya kwanza, lini ilibadilishwa boksi tu, lini ilitengenezewa kalibu mpya. Kuipitia kabla ya kulipa hakuna gharama. Kwa kazi ya 1:700 ya miaka ya karibuni, Flyhawk ya China imejijengea sifa ya vipande vyembamba vya kustaajabisha. Trumpeter, nayo ya China, ndiyo ya kutafutwa na anayeitaka USS Texas ya plastiki, kwani imeitoa kwenye 1:350 na 1:700.

Resini ya kumiminwa ina maradhi mengine. Hapa huanza mapovu ya hewa, ambayo huacha vitundu kwenye kingo za sitaha na mikono ya kreni. Halafu mwili wa meli uliopinda: uweke juu ya kioo, na omo au tezi ikinyanyuka, umepinda. Maji ya moto huweza kuunyoosha ukiwa mwembamba, ukiwa mnene ni kazi kubwa. Resini nyingi hufika na mafuta ya kalibu juu yake, hivyo huoshwa kwa sabuni kabla ya rangi. Na usiisugue ikiwa kavu bila barakoa, vumbi lake halifai mapafuni.

Modeli za printa ya 3D zimeingia sokoni kwa kasi, na nyingi huchapwa na mtu mmoja gerejini kwake. Swali la kwanza ni fupi: imechapwa kwa resini au kwa uzi wa plastiki? Printa ya uzi huacha mistari ya matabaka inayoonekana kwa macho, na kwa manowari ndogo mimi siishauri kabisa, labda iwe kwa kipimo kikubwa. Printa ya resini huchapa tabaka la milimita 0.05 hivi. Kwenye 1:700 tabaka hilo ni sawa na sentimita 3.5 za meli halisi, jambo linalovumilika. Mistari hujitokeza pale penye mteremko mdogo, kwa hiyo omba picha ya omo inapopanuka na ya juu ya dohani. Tazama upande wa chini pia, ambako nguzo za kushikilia zilikatwa: vipele vichache ni kawaida, mashimo si kawaida. Kitu kikifika kinanata au kinanuka vikali, hakikukaushwa vizuri kwa mwanga wa urujuanimno. Vaa glavu, kiweke mbali na watoto, mwandikie muuzaji siku hiyohiyo. Na ujue unanunua kwa nani, maana mara nyingine mchoraji ni mmoja na mchapaji ni mwingine. Shapeways, kampuni iliyokuwa ikiwachapia wachoraji wengi wa manowari ndogo, iliomba kufilisika Julai 2024, na ingawa baadaye ilifufuliwa, wateja walijifunza kwamba duka la mtandaoni linaweza kufunga mlango bila kuaga.

Za chuma ndizo zinazopendwa na wakusanyaji wa Ulaya. Navis ya Ujerumani hushughulikia meli za Vita vya Kwanza kwa 1:1250, na ndugu yake Neptun zile za Vita vya Pili, zote zikiwa zimeshaunganishwa na kupakwa rangi. Hapa unakagua milingoti iliyopinda, rangi iliyovuka mpaka wa sitaha, na gundi iliyomwagika chini ya boti za uokoaji. Zilizotumika zina hatari ya pili. Dinky ya Uingereza ilitoa manowari za 1:1800 miaka ya 1930, na chuma cha zinki cha enzi hizo, kikiwa na uchafu ndani yake, hupasuka chenyewe kikizeeka. Nyufa nyembamba kama za udongo mkavu hazitibiki. Zenye risasi nazo huota unga mweupe zikifungiwa kwenye kabati la mbao zenye asidi kama mwaloni, na unga huo ni sumu. Usinunue kitu cha namna hiyo kwa ajili ya mtoto, hata kikiwa cha bei ya karanga.

Aina nyingine inayozunguka sana mitandaoni ni vimeli vya mchezo wa Axis & Allies: War at Sea, uliotolewa na Wizards of the Coast kuanzia 2007. Ni vya 1:1800, vimepakwa rangi kiwandani, na havitengenezwi tena, kwa hiyo unachonunua sasa kimetoka mikononi mwa watu. Plastiki yake ni laini, na mitutu iliyopinda kama ndizi ni jambo la kawaida. Si sababu ya kukataa: kichovye kwenye maji ya moto, kinyooshe kwa vidole, kisha kwenye maji baridi kikae hivyo. Kisichorekebishika ni rangi iliyopigwa upande, hivyo omba picha ya kimeli hichohicho utakachotumiwa, si cha mfano. Kama unataka kucheza na si kupamba tu, uliza kama kadi yake imo.

Kwa modeli ya kuunganisha iliyotumika au iliyokaa dukani miaka mingi, omba picha ya fremu zote zimetandazwa, uzilinganishe na karatasi ya maelekezo. Neno "kamili" kwenye tangazo halitoshi. Stika za kulowekwa majini zikiwa zimegeuka njano, kuzibandika dirishani juani siku kadhaa huzisaidia, lakini zilizopasuka hazina dawa. Vipande vya shaba ya njano vilivyokatwa kwa tindikali, kama reli za sitaha, vikikunjamana havirudi sawa. Na usiogope wingi wa vipande: Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba, iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo elfu tano, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuunganishwa upya Kigoma. Mafundi wake walikuwa na meli nzima ya kuunganisha. Wewe una meza ya jikoni.

Kinachowasumbua wakaazi wa Plano kuliko wenzao wa Seattle ni jua. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 38 za Selsiasi, na ndani ya gari lililofungwa hufika 60 na zaidi. Sanduku la barua la chuma lililo barabarani nalo halina huruma. Plastiki ya modeli za kawaida hulegea inapokaribia nyuzi 100, kwa hiyo huvumilia. PLA, inayotumika sana kwenye printa za uzi, huanza kulegea karibu na 60. Resini nyembamba na plastiki laini ya vimeli vya mchezo nazo hupinda. Agizo la kiangazi liletwe mahali penye mtu wa kulipokea, au lichukuliwe kwenye kituo cha kampuni ya usafirishaji, na kama halina haraka ngoja Oktoba. Faida ya pili ni kwamba wezi wa vifurushi barazani hawatakuwa na cha kubeba.

Bei ya kwenye skrini si bei ya mwisho. Kodi ya mauzo Plano ni asilimia 8.25, hivyo modeli ya dola 60 inaongezeka dola 4.95 kabla ya nauli. Na waliozoea kuagiza Japani, China au Ujerumani wajue kwamba ule msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800 ulisitishwa kwa nchi zote Agosti 29, 2025, baada ya China na Hong Kong kutangulia Mei 2. Muulize muuzaji kwa maandishi: ushuru umo ndani ya bei, au mpeleka mizigo atanidai mlangoni? Kwa meli inayopatikana kwa muuzaji wa ndani ya Marekani, mara nyingi sasa ndani ni nafuu hata kama bei ya juu inaonekana kubwa.

Malipo tuyapitie haraka. Kadi ya mkopo ndiyo ngao bora: sheria ya shirikisho inakupa siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye kosa itumwe, uandikie benki kwamba bidhaa haikufika au haikutolewa kama ilivyokubaliwa. eBay hutoa siku 30 za kudai kitu kisicholingana na tangazo. PayPal hulinda malipo ya bidhaa, hailindi malipo ya "marafiki na familia", na muuzaji anayekubembeleza upitie njia hiyo ili aepuke ada anakuomba uvue ngao. Zelle ni sawa na kumpa mtu noti barabarani. Muuzaji ambaye hakutaja muda wa kutuma anatakiwa, kwa kanuni za Tume ya Biashara ya Shirikisho, atume ndani ya siku 30 au akupe nafasi ya kurudishiwa fedha. Boksi likifika, lirekodi kwa simu kuanzia kabla hujakata gundi, kamera ikionyesha lebo ya anwani.

Macho nayo hufundishwa. Kwa miaka mingi wakaazi wa upande huu walikuwa na Squadron, muuzaji mkubwa wa modeli kwa posta, pale Carrollton, mji unaopakana na Plano. Baadaye ilibadilisha wamiliki na kuhamia Georgia. Vilabu vya IPMS, chama cha waunda modeli za plastiki, bado vipo upande wa Dallas na Fort Worth, na kile cha Houston huandaa onesho la ModelMania. Nenda hata kama hununui. Mtu akikuonyesha mezani modeli ya Tamiya ya miaka ya 1970 kando ya Flyhawk mpya, hutahitaji tena kusoma makala kama haya. Meza za wauzaji hapo zina faida moja ambayo intaneti haina: unafungua boksi kabla ya kutoa pochi.

Na kwa wanaonunua ili kumpelekea ndugu Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu: modeli ambayo haijaunganishwa husafiri salama zaidi kuliko iliyokamilika, kwenye boksi lake, katikati ya nguo. Rangi za kupuliza na gundi zenye vimumunyisho vinavyowaka haziruhusiwi kwenye ndege, si mkobani wala kwenye sanduku la kupakia. Mpelekee fremu, kisu na msasa, na rangi za akriliki zinazochanganywa kwa maji. Gundi ataitafuta hukohuko.